Kwa Nini Unabadilisha Stesheni Wimbo Ule Ukipigwa?

Bongo fleva ya enzi zetu za shule ilitufundisha mapenzi, ikatufundisha na misiba. Mhariri wetu anarudi Bagamoyo kwenye kanda za kaka yake, na kwenye siri iliyomkosesha mumewe usingizi kwa miaka tisa.

Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa njiani kwenda Bagamoyo kumsalimia mama. Mimi, mume wangu, na watoto wawili nyuma wakigombea dirisha. Tumeshaipita Bunju, tunaingia Mapinga, upepo wa bahari unaanza kusikika. Redioni kuna kile kipindi cha nyimbo za zamani, na mtangazaji, kijana mdogo kabisa kwa sauti yake, akasema anatupigia "zilipendwa". Nikakaa sawa nikitegemea Marijani Rajabu au Mbaraka Mwinshehe, maana zilipendwa nilizokulia mimi ni zile za marehemu baba. Ikaingia "Zeze" ya TID! Jamani, kumbe na sisi tumeshakuwa wazee.

Mume wangu ni mtoto wa Kunduchi na nyimbo hizi ndiyo ujana wake. Akaongeza sauti, akaimba, akapiga usukani kama ngoma. Watoto wakacheka mpaka basi. Ikafuata moja ya Juma Nature, akazidi. Halafu ikaanza "Starehe", ule wimbo wa Ferooz akiwa na Professor Jay. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikabadilisha stesheni. Tukaangukia kwenye tangazo la mabati.

Mume wangu akanyamaza. Tulipofika Kerege akasema taratibu, bila kunitazama: "Mama watoto, nikuulize kitu, halafu usikasirike. Huyo mtu wa huo wimbo ni nani?"

"Mtu gani?"

"Wimbo huo huwa unauzima. Nyumbani unauzima. Kwenye ile sherehe ya kazini kwangu ulipopigwa ulitoka nje, ukasema kichwa kinauma. Tangu tuoane naona. Kama kuna mtu aliyekuimbia, niambie tu yaishe. Mimi mtu mzima."

Msomaji wangu, nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Miaka tisa ya ndoa mwenzangu alikuwa anamwonea wivu mtu aliyezikwa tangu mwaka 2003. Nikamwomba aegeshe gari pembeni.

Enzi zetu

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Mimi ni wa mwaka 1987. Nimeingia kidato cha kwanza 2002, nikamaliza cha nne 2005, pale pale Bagamoyo. Kama umri wetu unalingana, huhitaji kuambiwa nini kilikuwa kinapigwa. Wazazi wetu walikulia Redio Tanzania peke yake. Sisi tulikuta Radio One imeshaanza tangu 1994, na Clouds FM ikaja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Ghafla kukawa na watangazaji wanaoongea kama kaka zetu wa mtaani, na vijana wa Temeke, Upanga, Sinza na Morogoro wakawa wanaimba kwa Kiswahili chetu chenyewe. Majina ya maprodyuza tuliyajua kama majina ya walimu: P-Funk Majani wa Bongo Records, Master Jay wa MJ, na yule Mfinlandi Miikka tuliyemwita Mika Mwamba.

Kununua kanda kulikuwa mtihani. Hela ya kanda ndiyo hela ya daftari. Kwa hiyo tulikuwa na ujanja wetu. Redio kaseti inawekwa kanda ya zamani, tunasubiri wimbo uanze, tunabonyeza kurekodi, halafu mtangazaji anaongea katikati ya kibwagizo na kutuharibia kila kitu. Betri zikiisha tunazianika juani kama dagaa. Kanda ikitoa utepe, tunaurudisha kwa kalamu ya Bic, taratibu, ulimi umetoka nje.

Na kulikuwa na daftari la nyimbo. Wasichana wengi darasani kwetu tulikuwa nalo. Tunakaa wanne mbele ya redio, mmoja anadaka mstari wa kwanza, mwingine wa pili, mwingine wa tatu, mwisho tunaunganisha. Pale tusiposikia vizuri tunabuni. Mpaka leo kuna nyimbo naimba maneno ambayo msanii hakuyatamka kamwe. Mwaka 2001 Saida Karoli alipotoka na "Maria Salome" kutoka Kagera, tuliandika Kihaya kwa masikio ya Kikwere. Hakuna aliyejua tunaimba nini, na hakuna aliyekubali kuacha. Diamond Platnumz alipourudia wimbo huo mwaka 2016 na Rayvanny kwa jina la "Salome", nilipigiwa simu na rafiki yangu wa bweni ambaye hatukuwa tumeongea miaka sita. Hakusalimia. Aliimba tu, na makosa yetu yote ya mwaka ule.

Kaka konda

Kanda zilizofika nyumbani kwetu zilikuja na daladala. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka kumi, alikuwa konda wa gari la Mwenge–Bagamoyo. Siku hizi magari hayo yanageuzia Makumbusho na lami imenyooka mpaka mjini. Enzi zile alipoanza kazi, sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kaka alikuwa anashuka jioni nywele nyekundu kama mtu aliyepaka hina.

Lakini gari lao lilikuwa na spika. Abiria wengine walikuwa wanaacha gari lililojaa nusu na kusubiri la kina kaka, kwa sababu ya muziki tu. Siku akienda Kariakoo kutafuta vipuri alirudi na kanda mpya, anaipiga garini wiki nzima mpaka imechakaa, halafu ananiletea mimi. "Shika, mwanafunzi. Ukifeli usiseme ni mimi." Hivyo ndivyo nilivyopata Hard Blasters. Hivyo ndivyo nilivyopata "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay ya mwaka 2001, na Lady Jaydee, na Gangwe Mobb. Kila kanda aliiandika kwa kalamu nyekundu: "MALI YA KONDA. USIGUSE." Halafu anaitoa bure.

Mama alikuwa mtu wa taarabu. Akisikia rap anauliza, "Huyu anagombana na nani?" Kaka anamjibu, "Mama, anagombana na maisha." Ilipotoka "Ndio Mzee", ile ya mwanasiasa anayeahidi kila kitu, mama alicheka mpaka akakaa chini, akaomba irudiwe. Kaka alijivunia siku hiyo kama ameiimba yeye. Sijui angesema nini mwaka 2015, Professor Jay mwenyewe alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

Walimu wetu wa mapenzi

Tuseme ukweli. Mambo ya mapenzi nyumbani nani alikufundisha? Pwani yetu mwali ana somo wake. Mimi nilichezwa, nikafundishwa usafi, heshima, jiko na namna ya kukaa na mume. Lakini mvulana wa kidato cha tatu akikuletea barua yenye manukato, umjibu nini? Somo hakuligusa hilo. Baba ndiyo usiseme. Shuleni tulichorewa mfumo wa uzazi ubaoni, mwalimu akafuta haraka, kengele ikalia.

Kwa hiyo tulifundishwa na nyimbo. "Mtoto wa Geti Kali" iliwaeleza wavulana kwa nini binti wa nyumba yenye ukuta hapatikani. "Zali la Mentali" ikawapa matumaini kwamba siku moja mwenye gari atampenda asiye na kitu, na wavulana wetu wa Bagamoyo wakaanza kusimama karibu na hoteli za ufukweni wakisubiri zali lao. Ray C alipotokea kwenye runinga na kile kiuno kilichoitwa hakina mfupa, mama mmoja mtaani kwetu alikuwa anafunika runinga kwa kanga. Tulichungulia hivyo hivyo. Mume wangu anakiri kwamba chumba chake cha kwanza cha kupanga alikipanga akiifuata "Ghetto Langu" ya Ngwair, mpaka mahali pa kuweka redio. Siku Ngwair alipofariki Afrika Kusini, Mei 2013, alilala bila kula.

Si kila tulichofundishwa kilikuwa kizuri. Nyimbo nyingi zilitwambia mwanamke anafuata fedha na mwanamume kazi yake ni kuahidi. Nawajua wanandoa wa rika langu ambao mpaka leo wakigombana wanatoleana misemo ya mwaka 2003. Lakini kuna jambo moja ambalo nyimbo zile zilithubutu kulisema wakati nyumba zetu zimefunga mdomo. Na hapo ndipo "Starehe" inapoingia.

Ngoma

Ukikulia Bagamoyo, neno ngoma huna haja ya kulitafuta. Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa. Sisi tulilala na kuamka na ngoma za wanachuo, na kila mwaka kulikuwa na tamasha lao ambalo wageni walitoka nchi za mbali kuja kulitazama. Pale ndipo Hukwe Zawose alipofundisha zeze na marimba mpaka jina lake likajulikana duniani. Kwetu ngoma ilikuwa sifa ya mji.

Halafu tukaja kujua kwamba mtaani ngoma ni kitu kingine. Ngoma ni wimbo mkali, na ngoma ni ule ugonjwa. MwanaFA alipotoa "Alikufa kwa Ngoma", mdogo wangu wa darasa la tatu aliniuliza, "Dada, alipigwa na ngoma ya wapi?" Sikucheka.

Kaka alianza kukohoa mwaka 2002. Akaacha ukonda, akawa anakaa kibarazani na redio yake. Alikonda mpaka saa ikawa inateleza mkononi. Nyumbani ikasemwa ni kifua. Jirani akasema amerogwa na makonda wenzake wanaotaka njia. Watu wa dawa za miti wakaja wakala kuku wetu. Hakuna aliyetamka lile neno, ingawa Rais Mkapa alishautangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, na mabango yalikuwepo mpaka stendi. Mabango yalikuwa ya watu wengine. Ndani ya nyumba yako ni kifua.

Akafariki Agosti 2003. Nilikuwa kidato cha pili. Mama aliifunga redio kwenye kitambaa cheupe mpaka arobaini ipite. Hospitalini kuna mtu alimnong'oneza shangazi, shangazi akamnong'oneza baba, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Hivyo ndivyo nilivyojua. Na nikajua papo hapo kwamba sitakiwi kujua.

Mwaka uliofuata ndipo ilipotoka "Starehe". Nilikuwa nasuka nywele kwa rafiki. Redioni mtu anaimba kama yeye ndiye aliyeugua, anasimulia raha alizokula, anajuta, anaaga. Sikuwahi kusikia mtu akilisema jambo lile kwa mdomo wake mwenyewe, bila kunong'ona. Wenzangu wakaanza kuimba kibwagizo kwa sababu ni kitamu. Mimi nikainuka na nywele nusu, nikaenda nyumbani. Niliona kama kaka amefufuka ili aseme kile tulichomkataza kusema.

Na kilichoniuma zaidi nilikisoma baadaye. Serikali ilianza kutoa dawa za kurefusha maisha bure Oktoba 2004. Kabla ya hapo walizipata wenye uwezo. Kaka alizikosa kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Kila nikisikia wimbo ule nahesabu ile miezi kumi na nne.

Tulichofichana

Haya yote nilimweleza mume wangu pale pembeni ya barabara, watoto wamelala, malori yanapita. Alikuwa anajua nilikuwa na kaka, na kwamba alifariki kwa kifua. Ndivyo nilivyomwambia tukiwa wachumba. Nilirudia uongo wa nyumbani bila hata kuona kwamba ni uongo.

Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniambia lake. Kabla ya ndoa tulikwenda kupima, kama wachumba wengi wanavyofanya. Nilitetemeka kwenye benchi mpaka nesi akaniletea maji. Majibu yalipotoka kwamba sote tuko salama, nililia kwa sauti. Yeye alinishika mkono, lakini moyoni akajiuliza: mwanamke huyu alikuwa anaogopa nini? Aliishi na nani kabla yangu? Hakuuliza. Akaja akaongeza ule wimbo ninaouzima, akapata hesabu yake: kuna mwanamume, alikuwa mgonjwa, na bado anampenda.

Unaona mambo hayo? Mimi naficha msiba, yeye anaona mahawara. Na wote tunapendana, tunakula sahani moja, tunalea watoto. Tungeweza kufika uzeeni hivyo.

"Kwa hiyo huyo ni shemeji yangu," alisema mwishowe. "Nimemchukia shemeji yangu miaka tisa."

Tulipofika, mama alikuwa ameshapika wali wa nazi na changu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, mbona mmechelewa?" Baada ya chakula mume wangu akamwomba, kwa adabu zote, amwonyeshe picha za shemeji. Mama akamtazama, akanitazama mimi. Akaingia ndani akatoka na picha mbili na boksi la viatu. Ndani ya boksi, kanda kumi na saba. "MALI YA KONDA. USIGUSE." Miaka zaidi ya ishirini mama, mtu wa taarabu, alikuwa anazifuta vumbi.

"Mwanangu aliugua ule ugonjwa," mama alisema, kama anayesema bei ya samaki. "Siku zile tuliona aibu. Siku hizi watu wanakunywa dawa zao wanaendelea na kazi. Aibu ilituharakisha kumzika." Nilimsikia akilisema kwa mara ya kwanza, na mume wangu ndiye aliyemwezesha.

Jaribuni na nyinyi

Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba mambo tunayoyapitia kati ya miaka 10 na 30 ndiyo yanayobaki kichwani kwa nguvu kuliko ya miaka mingine. Ndiyo maana umesahau namba yako ya zamani ya simu lakini ubeti wote wa mwaka 2004 unao. Basi tumia utajiri huo kwa faida ya nyumba yako. Sisi tumeanza, na haya ndiyo tuliyojifunza:

• Kila mmoja achague nyimbo tano za shule. Si lazima ziwe nzuri. Ziwe zile zinazomrudisha mahali. Sikilizeni pamoja, simu zikiwa mbali.

• Usiulize "Ulikuwa na nani?" Uliza "Ulikuwa wapi?" Swali la kwanza ni polisi, la pili ni mapenzi. Akitaja mtu wa zamani, msikilize. Mvulana wa kidato cha tatu hawezi kukunyang'anya mke leo.

• Angalia na wimbo anaouruka. Huo ndio wenye habari. Usimlazimishe siku hiyo hiyo, ila mwambie umeona. Mume wangu alinyamaza miaka tisa kwa heshima, na heshima hiyo ikamtesa bure.

• Ukitambua kwamba jambo ulilomweleza mwenzi wako ni lile mliloambiwa nyumbani mseme, rudi umweleze upya. Haijachelewa.

• Watoto wasifukuzwe. Wa kwangu sasa wanajua walikuwa na mjomba aliyekuwa konda, aliyegawa kanda bure, na aliyefariki kwa UKIMWI kabla dawa hazijamfikia. Mkubwa aliuliza maswali matatu, akajibiwa yote, akaenda kucheza.

Fundi mmoja wa redio pale mjini aliahidi kututengenezea redio kaseti ya baba. Kanda nyingine zimeshaliwa na unyevu wa bahari, lakini fundi anasema nyingi zitaimba. Tukirudi Dar jioni ile, tumeshapita Zinga, ile stesheni ilikuwa bado inapiga nyimbo za zamani. "Starehe" haikurudi. Mume wangu ndiye aliyeitafuta kwenye simu yake, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia iache.

Tuliisikiliza yote mpaka mwisho. Nililia, ndiyo. Lakini nilikuwa simwogopi tena kaka yangu.

Na wewe, msomaji, ni wimbo gani ambao mkono wako unaukimbilia kuuzima? Mwenzi wako ameshaona. Mwambie leo.